Matangazo ya soda kwenye runinga: Jifunze kuyasoma kabla ya kuifungua chupa

Kuna matangazo ya biashara ambayo hudumu akilini mwa mtu kuliko habari zilizoyatangulia na kuliko filamu iliyokatizwa kwa ajili yake. Mengi ya hayo ni ya soda. Katika mji wa joto kama Garissa, ambako joto hufika nyuzi 35 na kupita, jambo hili si mchezo. Tangazo la soda humfundisha mtazamaji namna ya kuijibu kiu yake. Likimfundisha vibaya, anayelipa gharama ni mwili.

Katika makala haya tutaangalia baadhi ya matangazo hayo mashuhuri, jinsi yanavyotengenezwa, kilichomo ndani ya chupa, na mambo ambayo kila mzazi wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na jamaa zao walioko Eastleigh jijini Nairobi, anapaswa kuyafahamu.

Matangazo yaliyovuka mipaka

Mwaka 1971 kampuni ya Coca-Cola iliwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali juu ya kilima nchini Italia, kila mmoja na chupa mkononi, wakaimba kuhusu amani na umoja. Wimbo huo ulipendwa hivi kwamba ulirekodiwa upya bila kuitaja soda, ukauzwa madukani kama wimbo wowote ule.

Mwaka 1979 likaja tangazo la Joe Greene, mchezaji hodari wa kandanda ya Kimarekani. Anaonekana akichechemea kutoka uwanjani, mtoto anampa Coca-Cola yake, naye anainywa yote kisha anamrushia mtoto fulana yake kwa shukrani. Greene mwenyewe amesimulia kwamba ilimbidi anywe chupa nyingi wakati wa kupiga picha hizo, hata akawa anateuka kabla ya kumaliza maneno yake. Mtazamaji hakuonyeshwa sehemu hiyo.

Pepsi nayo ilimwajiri mwanamuziki Michael Jackson. Tarehe 27 Januari 1984, mjini Los Angeles, fataki ziliziunguza nywele zake wakati wa kutengeneza tangazo, akapelekwa hospitalini akiwa na majeraha ya moto kichwani. Tangazo lilionyeshwa hata hivyo. Na mwaka 1993 Coca-Cola ikawaleta wale dubu weupe wa nchi za barafu, wakinywa soda huku wakitazama mianga ya angani usiku. Dubu hao hawajapata kuliona jua la Garissa.

Tangazo lililowagusa zaidi watu wa Kaskazini Mashariki ni la Kombe la Dunia la mwaka 2010 kule Afrika Kusini. Coca-Cola iliutumia wimbo wa K'naan, kijana mzaliwa wa Mogadishu aliyeikimbia vita ya Somalia na kuishia Canada. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta maelfu ya wakimbizi Dadaab, ambako kambi za Ifo, Hagadera na Dagahaley zilianzishwa mwaka 1991 na 1992. Wimbo wa awali ulizungumzia dhiki ya watu wake. Ule wa tangazo ulibadilishwa maneno, dhiki ikatolewa, zikabaki shangwe za kandanda. Vijana wengi wa Kisomali walijivunia kumsikia mwenzao duniani kote, na walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini fahari hiyo ilifungwa pamoja na chupa.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Matangazo haya yote hayasifu maji yenye sukari. Moja linauza amani, jingine ukarimu, jingine umaarufu, jingine raha ya familia, na jingine fahari ya nyumbani. Soda imewekwa karibu na mambo hayo mema mpaka akili ikayazoea pamoja.

Usione vyaelea, vimeundwa

Mafundi wa picha za vinywaji wana mbinu zao. Yale matone mazuri yanayoteremka kwenye chupa mara nyingi huwa ni maji yaliyochanganywa na gliserini, ili yasikauke chini ya taa kali. Vipande vya barafu huweza kuwa vya plastiki, maana barafu ya kweli huyeyuka kabla kamera haijamaliza kazi. Mlio wa kizibo kikifunguliwa na wa povu likipanda hutiwa nguvu kuliko ulivyo.

Kisha tazama kinachokosekana. Katika matangazo hayo hakuna mtu aliyeshikwa shavu kwa maumivu ya jino. Hakuna anayejidunga sindano ya insulini. Idadi ya vijiko vya sukari haitajwi kamwe. Kila kinachoonyeshwa kinaweza kuwa cha kweli, lakini kilichofichwa ndicho kinachohusu afya.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Mtu mzima anajua kwamba tangazo limelipiwa na mwenye mali. Mtoto mdogo hajui. Kwake ni kama hadithi nyingine ya runinga. Akilisikia mara kumi kwa siku, atamwomba mama soda kwa kuamini anaomba furaha.

Hesabu ya vijiko

Sasa tuifungue chupa. Soda ya kawaida aina ya cola ina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi. Kwa hiyo:

Chupa ya mililita 300 ina vijiko 8 hivi.
Chupa ya nusu lita ina vijiko 13 hivi.
Chupa ya lita 2, ile ya kuwekwa mezani siku ya wageni, ina vijiko zaidi ya 50.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa wastani hiyo ni gramu 50, yaani vijiko 12 hivi. Ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25, vijiko 6. Mtoto anahitaji kidogo kuliko hapo.

Sasa zingatia desturi zetu. Chai ya maziwa ya Kaskazini Mashariki, yenye iliki na tangawizi, hunywewa tamu. Mtu akinywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja, tayari ana vijiko 9 kabla ya adhuhuri. Soda moja ya nusu lita ikimfika mchana, siku yake ina vijiko 22.

Mwezi wa Ramadhani nao una mitego yake. Vituo vya Kiarabu vinavyopatikana kwa madishi hutangaza sana Vimto, kinywaji kilichobuniwa Manchester, Uingereza, mwaka 1908, ambacho leo kimekuwa kama sehemu ya futari katika nchi za Ghuba na miongoni mwa Wasomali wengi. Mfungaji aliyekaa mchana kutwa bila maji anahitaji maji kwanza. Tende na maji hutosha kufungulia. Sharubati nzito inaweza kungoja, tena iongezwe maji mengi.

Kiu ni za aina tatu

Tangazo huonyesha kiu moja na dawa moja. Katika mwili wa binadamu kiu ina sababu mbalimbali, na tatu kati yake ni muhimu kwa wakazi wa maeneo ya joto.

Kwanza ni kiu ya jua. Mtu akitoka jasho hupoteza maji na chumvi kidogo. Soda kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo itamtuliza, lakini maji safi yatamtuliza vilevile bila mzigo wa sukari, na chumvi ataipata kwenye chakula. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mweupe kuelekea manjano hafifu, maji yanatosha, ukiwa wa manjano iliyokoza, kunywa zaidi.

Pili ni kiu ya kuharisha. Hapa soda inaweza kudhuru. Wapo wazazi wanaompa mtoto anayeharisha soda wakiamini itamrudishia nguvu. Sukari nyingi ikifika tumboni huyavuta maji ya mwili kuingia kwenye utumbo, na kuharisha huongezeka. Tena soda haina chumvi ya kutosha kufidia ile inayopotea. Dadaab na sehemu nyingine za Garissa zilikumbwa na kipindupindu kuanzia Oktoba 2022, na katika ugonjwa kama huo saa chache tu huamua.

Dawa ya mtoto huyo ni maji ya chumvi na sukari yanayouzwa kwa pakiti, au kutolewa kwenye zahanati, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, koroga, mpe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi. Mtoto anyonyeshe kama kawaida. Akilegea, macho yakizama, akilia bila machozi, akishindwa kunywa, au ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, apelekwe hospitalini bila kungoja kesho.

Tatu ni kiu ya kisukari. Sukari ikizidi katika damu, figo huitoa kwa mkojo, nayo huondoka na maji mengi. Mgonjwa hukojoa mara kwa mara, hasa usiku, na huwa na kiu isiyokwisha. Mjini Garissa ni rahisi mtu kudhani ni jua tu. Anakwenda dukani, anafungua soda baridi kama alivyoonyeshwa, na sukari yake inapanda zaidi. Kadiri anavyokunywa ndivyo kiu inavyorudi. Ukiwa na kiu isiyotulia hata usiku, ukikonda bila sababu, ukiona kiwi, au kidonda kikikataa kupona, nenda ukapimwe sukari. Ni tone moja la damu kidoleni, na jibu hupatikana papo hapo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya matokeo ya watu zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba wanaokunywa chupa moja au mbili za vinywaji vitamu kila siku wana hatari ya kupata kisukari cha ukubwani iliyozidi kwa takriban asilimia 26 ile ya wasiovinywa, au wanaovinywa kwa nadra.

Upo wakati ambapo soda ya sukari humsaidia mgonjwa wa kisukari: anapotumia insulini au vidonge na sukari yake ikashuka ghafla, akatetemeka na kutoka jasho jembamba. Hapo nusu ya chupa ndogo yaweza kumwokoa, mradi bado ana fahamu na anaweza kumeza. Daktari wake amweleze mapema.

Mirungi, soda na meno

Wengi wanaotafuna mirungi huiteremsha kwa soda ili kuukata uchungu wa majani. Mirungi hukausha kinywa, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Soda nayo ina asidi kali inayolainisha ngozi ngumu ya jino, huku sukari yake ikiwalisha vijidudu. Mtu akionja kidogo kidogo kwa saa tano, meno yake hayapumziki hata kidogo. Soda isiyo na sukari haimwepushi na asidi hiyo. Maji ya kawaida kando yake yatapunguza madhara.

Je, kama maji si safi?

Hii ni hoja nzito, na si haki kuipuuza. Mahali ambapo maji ya Tana au ya kisima hayajatibiwa, chupa iliyofungwa kiwandani huonekana salama. Ni kweli haitaleta kipindupindu. Lakini mtu hawezi kuoga salama yake kwa sukari kila siku. Chemsha maji mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo, uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Mtungi wa udongo, au jerikeni iliyozungushiwa gunia bichi na kuwekwa kivulini, huyapoza bila umeme. Maziwa ya ngamia nayo ni lishe njema yenye vitamini C, ila yachemshwe, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosisi.

Wenzetu wamefanya nini

Jimbo la Quebec, Canada, lilipiga marufuku mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula na vinywaji visivyofaa kwa watoto. Mexico iliweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji kitamu mwaka 2014, na ununuzi ukashuka kwa takriban asilimia 6 mwaka huo. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi za onyo kwenye bidhaa zenye sukari nyingi, na Afrika Kusini ikaanza kodi yake Aprili 2018.

Zoezi la nyumbani

Si lazima kuizima runinga. Tangazo la soda likitokea, mzazi aketi na watoto na kuwauliza maswali manne. Nani amelipia tangazo hili? Linatuambia tutapata nini tukinywa? Jambo gani halikuonyeshwa? Na chupa ile ina vijiko vingapi? Kwa swali la mwisho, chukueni chupa tupu, someni gramu za sukari zilizoandikwa ubavuni, zigawanyeni kwa 4, kisha mtoto apime mwenyewe sukari hiyo kijiko kwa kijiko ndani ya bilauri kavu.

Soda ya arusi au ya Idi haitamdhuru mtu mwenye afya. Inayodhuru ni ile ya kila siku, inayoingia nyumbani kama maji. Mtoto aliyekwisha kupima vijiko vinane kwa mkono wake ataendelea kuwapenda dubu wa barafu, lakini akiona kiu ataomba maji.