Dondoo muhimu: Makande kwa mpishi asiye na muda

Wengi huyakwepa makande siku za kazi kwa hoja kwamba hukaa jikoni saa nyingi. Hoja hiyo inachanganya muda wa sufuria na muda wa mpishi. Maharage na mahindi yaliyokobolewa yakilowekwa kabla ya kwenda kazini, saa 8 hadi 12, jioni huiva mapema zaidi. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ili sumu ya asili iliyomo kwenye maharage mabichi iharibike, kisha punguza moto uendelee na shughuli zako. Nyanya zisubiri mpaka maharage yalainike, kwani uchachu wake hukaza ganda la punje. Tui jepesi litangulie. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika.

Kuna wanaosema chakula kisicho na kitoweo pembeni ni pungufu. Kwa makande si kweli: protini ya mahindi ina laisini (mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) kidogo, na maharage yanayo kwa wingi, hivyo yanakamilishana humo humo. Mchicha utiwe dakika 5 za mwisho. Magadi hulainisha punje kweli, lakini huharibu vitamini B1, na aliyeloweka hana haja nayo. Na gharama ya mkaa je? Hilo ni swali la haki. Pika ya siku mbili kwa moto mmoja, tenga ya kesho kabla ya kutia tui, yapoe upesi kwenye chombo kipana, yaingie kwenye friji.