Mama na hija ya Nchi Takatifu

SWALI: Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Anataka kwenda hija Israeli na kikundi cha parokia. Je, ataweza?

JIBU: Ataweza, mradi ratiba isiwe ya mbio. Galilaya haina shida: Kapernaumu ni tambarare, na ziwani mnapanda mashua. Kazi iko Yerusalemu. Njia ya Msalaba hupita vichochoro vya mawe yenye utelezi na ngazi, katikati ya maduka na wateja. Ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, Golgotha hupandwa kwa ngazi kali za mawe. Mlima wa Mizeituni aushuke kwa gari. Wengi huushuka kwa miguu hadi Gethsemane na kesho yake hawainuki. Bethlehemu, mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu una kimo cha mita 1.2 hivi, hivyo kila mtu mzima huinama, hata askofu. Huko awe na pasipoti, kwani kurudi Yerusalemu kuna kizuizi cha ukaguzi.

Kabla ya kulipa, ulizeni hali ya usalama na masharti ya kurudishiwa fedha safari ikiahirishwa. Mnunulieni mkongojo mapema auzoee nyumbani.