Tumwandalie Mtoto Mahali Pake

Mtoto akizaliwa ni mgeni wa nyumba yote. Mgeni huandaliwa mahali pa kulala. Lakini mgeni huyu hawezi kusema, "Hapa pana baridi," au "Hapa pana moshi." Sisi wakubwa ndio tunaopaswa kuyaona hayo kabla hajafika.

Katika somo hili tutajifunza kumwandalia mtoto mchanga mahali pazuri kwa fedha kidogo na kwa kazi ya mikono yetu.

1. Mkoa wetu na hali ya hewa

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa.

Hali ya hewa katika mkoa huu si moja. Milima ya Mbozi na Ileje ina baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Bonde la Momba, kuelekea Ziwa Rukwa, lina joto na mbu wengi. Kwa hiyo mtoto wa mlimani yafaa aandaliwe kwa ajili ya baridi. Mtoto wa bondeni yafaa aandaliwe kwa ajili ya hewa safi na kinga ya mbu. Kila mtu atazame mahali anapoishi kwanza.

2. Mazungumzo ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mbozi. Mume na mke wanatarajia mtoto wao wa kwanza. Mama mzazi wa mume anakaa nao. Wana akiba kidogo waliyoipata kwa kuuza mahindi.

Jioni moja mume alisema, "Mke wangu, kesho naenda Tunduma. Nimeona kitanda kizuri cha mtoto dukani. Kina nakshi na rangi. Nataka mtoto wetu asionekane mnyonge."

Mke akajibu, "Ahsante, mume wangu. Lakini ukinunua kitanda hicho, itabaki shilingi ngapi? Uchungu ukinianza usiku, nauli ya kwenda hospitali itatoka wapi?"

Mume alinyamaza. Hakuwa amefikiri habari ya nauli.

Mama yake akasema, "Tena sisi wa zamani hatukununua vitu kabla mtoto hajalia. Tuliogopa. Tulizika watoto wengi."

Mke akamwambia kwa heshima, "Ni kweli, mama. Nami sitaki kujaza nyumba vitu. Lakini kusafisha chumba si mkosi. Chumba ni chetu sote. Wewe unajua udongo unaofaa kusiriba. Utatuonyesha?"

Mama mkwe akacheka. "Udongo nitawaonyesha. Na mkeka nitasuka mwenyewe."

Basi walikata shauri. Fedha ziliwekwa kwa ajili ya nauli na mahitaji ya kujifungua. Mahali pa mtoto patatengenezwa kwa vitu vilivyopo.

Ndugu msomaji, hofu ya yule mama haikuwa ya bure. Zamani watoto wachanga wengi walikufa. Hata sasa wapo wanaokufa kwa mambo yanayozuilika, kama vile baridi, uchafu na malaria. Kwa hiyo kumwandalia mtoto mahali pasafi ni njia ya kumlinda, wala si majivuno.

3. Andika orodha tatu

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Gawa ukurasa mara tatu.

Orodha ya kwanza: vitu tulivyo navyo. Kwa mfano kanga kuukuu, blanketi, mkeka, uzi na sindano.

Orodha ya pili: vitu tutakavyotengeneza. Kwa mfano nepi, blanketi la viraka, pazia na godoro dogo.

Orodha ya tatu: vitu ambavyo lazima tununue. Orodha hii iwe fupi. Andika bei ya kila kitu, kisha jumlisha. Fedha za nauli ziandikwe mwanzo kabisa wa orodha hii. Fedha hizo zisiguswe.

4. Kuchagua na kusiriba chumba

Mtoto mchanga hahitaji chumba chake mwenyewe. Pembe moja ya chumba cha mama yatosha. Tena ni bora, kwa sababu mama atamsikia upesi na kumnyonyesha usiku.

Chagua pembe iliyo mbali na moto wa kupikia. Moshi huharibu mapafu ya mtoto. Hakikisha lipo dirisha la kuingiza hewa, lakini upepo usimpige mtoto moja kwa moja. Mbuzi na kuku wasilale humo.

Kisha siriba ukuta. Ziba nyufa zote, maana wadudu hujificha humo. Chekecha udongo mwekundu, changanya na maji, paka kwa mkono au kwa kitambaa. Ukikauka, pamba sehemu ya juu au ya chini kwa udongo mweupe. Kazi hii ifanywe wiki kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa, ili ukuta ukauke kabisa. Ukuta mbichi huleta baridi.

Ukitumia chokaa, uwe mwangalifu. Chokaa mbichi huchoma ngozi na macho. Mama mjamzito asiichanganye. Kazi hiyo aifanye baba.

Yako mambo mawili ya kukataa. La kwanza, usitumie unga mweusi wa betri za tochi kupaka ukuta au sakafu. Unga huo una sumu. La pili, usitumie rangi ya mafuta usiyoijua. Rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Udongo wetu ni salama na hauna bei.

5. Kitanda na godoro

Mtoto anaweza kulala katika kapu pana la mianzi au tenga lililotengenezwa vizuri. Pitisha mkono ndani yake. Ukichomwa wewe, mtoto naye atachomwa. Lainisha kila ncha kwa kisu, kisha shona kitambaa kigumu kuzunguka pande za ndani. Kitambaa kivutwe kikaze, kisilegee. Liweke kapu mahali pasipotikisika, karibu na kitanda cha mama.

Godoro liwe gumu kidogo na tambarare. Kunja blanketi kuukuu lililofuliwa. Lishonee mfuko wa kitambaa unaoweza kuvuliwa na kufuliwa. Godoro lijae kapu lote, lisiache nafasi pembeni ambapo uso wa mtoto unaweza kuzama. Mtoto mchanga hahitaji mto. Mlaze chali. Mto na nguo nyingi karibu na uso zinaweza kumziba pumzi.

Hapa pana onyo kubwa kwa sisi wakulima. Usimtengenezee mtoto godoro wala shuka kwa mfuko uliowekwa mbolea au dawa ya kuua wadudu wa kahawa. Hata ukifuliwa mara nyingi, sumu inaweza kubaki. Mtoto hulala na kupumulia hapo usiku kucha.

6. Nepi za kanga

Kanga iliyofuliwa mara nyingi huwa laini. Inafaa sana kwa nepi. Kanga nyingi zina urefu wa karibu sentimeta 150 na upana wa karibu sentimeta 110.

Gawa urefu mara 3:
150 ÷ 3 = 50

Gawa upana mara 2:
110 ÷ 2 = 55

Utapata vipande 3 × 2 = 6. Kila kipande kitakuwa na sentimeta 50 kwa 55. Doti moja ina kanga mbili. Kwa hiyo doti moja itatoa nepi 12. Pinda kingo na uzishone ili nyuzi zisitoke na kujizungusha katika vidole vya mtoto.

Nepi zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Usizianike juu ya majani au chini.

7. Blanketi la viraka

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Vitenge vingi huuzwa hapo, na mafundi cherehani ni wengi. Chini ya kila cherehani huwa pana vipande vilivyobaki. Mwombe fundi akuwekee. Pengine atakupa bure, au kwa bei ndogo.

Fanya hivi:

Kwanza, fua vipande vyote na uvipige pasi.

Pili, kata mraba wa karatasi wenye sentimeta 25 kila upande. Hicho ni kipimo chako.

Tatu, kata viraka 16 kwa kipimo hicho.

Nne, vipange sakafuni, safu 4 za viraka 4. Badilisha rangi mpaka macho yako yaridhike.

Tano, unganisha viraka kwa mshono wa sentimeta 1 kila upande. Blanketi litakuwa na karibu sentimeta 90 kila upande.

Sita, shonea kitambaa kizito upande wa nyuma.

Usiweke vifungo wala shanga. Mtoto akikua kidogo atazing'oa na kuzimeza.

Wajuao kufuma wamfumie mtoto kofia na soksi za uzi wa sufu. Joto jingi la mtoto mchanga hupotea kichwani.

8. Mapambo yanayomfaa mtoto

Mtoto mchanga haoni mbali. Katika wiki za kwanza huona vizuri kitu kilicho karibu naye, kama sentimeta 20 mpaka 30. Huvutiwa na uso wa mtu, na rangi zinazoachana sana, kama nyeupe na nyeusi.

Kwa hiyo pambo lake la kwanza ni uso wako, mama. Na wako pia, baba. Mshike, mtazame, zungumza naye.

Pambo la pili lipo jikoni. Chukua kipande cha ubao au boksi gumu. Paka udongo mweupe. Ukikauka, chora kwa mkaa mistari minene, duara, samaki au kuku. Kitundike ukutani mahali ambapo mtoto ataelekezwa akiwa amepakatwa. Usikitundike juu ya kichwa chake. Kitu chochote chenye uzi kiwe mbali na mikono na shingo yake.

Dirishani tundika pazia la kipande cha kanga. Wewe mama uliyejifunza kudarizi, darizi ua pembeni. Na wewe uliyehitimu kisomo, andika ukutani herufi a, e, i, o, u kwa udongo mweupe. Mtoto atakua akiziona kila siku.

Karibu na kitanda weka mfuko mdogo wa kitambaa ukutani. Humo tunza kadi ya kliniki. Juu yake andika tarehe ya kurudi kliniki.

9. Neti na joto

Neti yenye dawa ni lazima, hasa bondeni. Mjamzito aulize habari za neti anapohudhuria kliniki. Neti ifunike kitanda na kapu, na ichomekwe chini ya godoro. Tundu lolote lishonwe siku hiyo hiyo.

Sasa soma maneno haya mara mbili. USIINGIZE JIKO LA MKAA KATIKA CHUMBA CHA KULALA. Huko mlimani watu wengi hufanya hivyo wakati wa baridi. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wasiamke tena. Hata mkaa usiotoa moshi unatoa sumu hiyo.

Mtoto apate joto kutoka kwa mama. Alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, wakafunikwa wote wawili. Mama akichoka, baba anaweza kumpokea. Joto hili halinunuliwi.

10. Tukifanya pamoja

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya katika Tanzania. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha waliondoka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Walisoma, halafu wakatenda.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo. Wanadarasa kumi wakileta viraka viwili kila mmoja, blanketi moja litapatikana, na viraka vinne vitabaki. Leo tumshonee huyu, mwezi ujao tumshonee yule. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mke alitaka fedha za nauli ziwekwe kwanza?
2. Mama mkwe aliogopa nini? Mke alimjibuje? Wewe ungemjibuje?
3. Katika kijiji chenu, watu hupasha joto chumba kwa njia gani? Je, njia hiyo ni salama?
4. Taja vitu vitatu ambavyo havifai kuwekwa karibu na mtoto. Eleza sababu.

Hesabu

1. Una doti 2 za kanga kuukuu. Utapata nepi ngapi?
2. Blanketi moja lina viraka 16. Mablanketi 3 yatahitaji viraka vingapi?

Maneno ya kujifunza

Kusiriba: kupaka udongo ukutani ili uwe laini.
Kudarizi: kutia maua katika kitambaa kwa sindano na uzi.
Doti: kanga mbili za namna moja.
Chali: kulala mgongo ukiwa chini na uso juu.

Kazi ya kufanya

Kabla ya kipindi kijacho, tembelea nyumba moja inayotarajia mtoto. Omba ruhusa kwa heshima. Wasomee sehemu ya 9 ya somo hili kwa sauti. Kisha waulize, "Tuwasaidie nini?" Andika jibu lao katika daftari na ulilete darasani.