MDOGO WAKO ANA HOMA: NI MALARIA, MAFUA AU KORONA?

"Aah, korona si ugonjwa wa watoto bwana, ule ni wa wazee!" Maneno haya utayasikia kijiweni, kwenye daladala na hata shuleni. Yana ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Ile sehemu iliyoachwa ndiyo yenye hatari kwa mdogo wako.

Tunakuandikia wewe kijana kwa sababu moja. Hapa Igoma mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, baba yuko kazini, na anayebaki na watoto nyumbani ni wewe. Mtoto akibadilika, wewe ndiye wa kwanza kumwona. Basi soma somo hili ukiwa na kalamu mkononi, maana mwishoni kuna maswali.

KORONA NI NINI?

Virusi vya korona ni jamii kubwa. Vingine huleta mafua ya kawaida tu, na vimewasumbua watu kwa miaka mingi. Aina mpya ilijulikana huko Wuhan, China, mwishoni mwa mwaka 2019, na ugonjwa wake ukaitwa UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufunga shule, na wanafunzi wengi wa msingi na sekondari walirudi darasani tarehe 29 Juni 2020.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Sikiliza vizuri: kilichokwisha ni dharura, siyo kirusi. Kirusi bado kipo pamoja na mafua mengine. Na kila siku wanazaliwa watoto ambao miili yao haijawahi kukutana nacho.

MTOTO AKIAMBUKIZWA INAKUWAJE?

Watoto wengi hupata homa, kikohozi, mafua, koo kuwasha, kichwa kuuma na uchovu. Wengine hutapika au huharisha, kiasi kwamba mtu hawezi kudhani ni ugonjwa wa kifua. Wapo pia wasioonyesha dalili yoyote. Wengi wao hupona nyumbani katika siku chache. Moja ya sababu ni kwamba kinga ya mtoto iliyoko puani na kooni huamka haraka, ikakizuia kirusi kabla hakijashuka kwenye mapafu.

Lakini mtoto mwenye dalili ndogo anaweza kumwambukiza bibi yake anayelala naye chumba kimoja. Na wapo watoto ambao kwao ugonjwa huu si mdogo hata kidogo:

- Watoto wachanga, hasa wa chini ya mwaka mmoja. Njia zao za hewa ni nyembamba, na kinga yao bado inajifunza.
- Wenye seli mundu. Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu za nchi yetu zenye watoto wengi wenye ugonjwa huu. Maambukizi ya kifua yanaweza kuwaletea maumivu makali na shida kubwa ya mapafu.
- Wenye ugonjwa wa moyo, kisukari, kifua kikuu, pumu kali au utapiamlo.
- Wenye VVU ambao hawajaanza dawa au wameziacha.
- Wenye unene uliopita kiasi.

Kama mdogo wako yumo katika orodha hii, akipata homa usingoje kesho.

KILA HOMA NI MALARIA?

Hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, mtoto akipata joto kila mtu anasema malaria. Si kosa kuiwaza, maana malaria ipo kweli na inaua watoto. Kosa ni kununua mseto dukani bila kupima. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja tu la damu kidoleni, na majibu hutoka kwa muda mfupi.

Kipimo kikionyesha malaria, mtoto atumie dawa na kuzimaliza. Kikionyesha hana malaria, usiondoke ukisema "basi, hana kitu." Muulize mhudumu: "Sasa homa hii inatoka wapi?" Inaweza kuwa nimonia, UVIKO, mafua, surua au maambukizi ya mkojo. Na kumbuka, mtoto anaweza kuwa na malaria na ugonjwa wa kifua kwa wakati mmoja.

SOMO LA VITENDO: HESABU PUMZI

Huhitaji mashine. Unahitaji saa au simu yenye saa, na dakika moja.

1. Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya.
2. Pandisha shati lake uone kifua na tumbo.
3. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima; usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili.
4. Linganisha na namba hizi. Mtoto anapumua haraka mno akifikia:
- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu mara ya pili. Ikibaki hivyo, ondokeni nyumbani mara moja. Hata wa umri mkubwa zaidi, akizidi namba yake apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jizoeze leo mdogo wako akiwa mzima. Siku akiugua utajua mara moja kwamba hii siyo pumzi yake ya kila siku.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Ukiona hata moja kati ya hizi, usiku au mchana, ita bodaboda, bajaji au jirani mwenye gari:

- Mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakoroma akiwa macho.
- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Anatapika kila kitu.
- Amelegea, haamki vizuri au haeleweki.
- Amepata degedege. Degedege si shetani, jamani. Ni ishara kwamba ubongo umepata shida, na kituo cha afya ndicho mahali pa kwanza.
- Ulimi au ndani ya midomo pamekuwa na rangi ya bluu au kijivu. Kwa ngozi zetu nyeusi, angalia hapo na kwenye kucha.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe hata kama dalili hizi hazipo.

Ukifika, omba apimwe oksijeni. Ni kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, wala hakiumi. Akihitaji msaada zaidi, wahudumu ndio watakaompa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando.

HOMA INAYOKUJA BAADA YA WIKI

Jambo hili wengi hawalijui. Madaktari wa Uingereza walilitambua mwezi Aprili 2020. Watoto wachache, wiki mbili hadi sita baada ya kuambukizwa, hupata ugonjwa mwingine. Kinga ya mwili inapitiliza na kuanza kuushambulia mwili wenyewe: moyo, mishipa ya damu, tumbo na ngozi. Mara nyingi maambukizi ya kwanza yalikuwa madogo hata hayakukumbukwa.

Dalili zake ni homa kali ya siku kadhaa, tumbo kuuma sana, kutapika au kuhara, macho mekundu yasiyo na usaha, vipele, midomo mekundu, na mikono au miguu kuvimba. Ni rahisi watu wakasema ni taifodi. Mwambie daktari: "Mwezi uliopita nyumbani tulikuwa na kikohozi." Sentensi hiyo inaweza kumsaidia sana. Watoto wengi hupona wakiwahi kutibiwa hospitalini.

Wengine hubaki na uchovu, kichwa kuuma au kushindwa kukazia akili masomo kwa miezi. Mwenzako wa darasani akiwa hivyo usimwite mvivu.

NYUMBANI UFANYE NINI?

FANYA: Mpe maji, uji na chakula kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya, hata kama mama ndiye mgonjwa. Mama avae barakoa na kunawa mikono. Akiharisha, mpe ORS na zinki. Kwa homa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Fungua madirisha hewa ipite.

USIFANYE: Usimpe aspirini, inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto. Usimpe antibayotiki zilizobaki kwa jirani, haziui virusi. Usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria ya nyungu. Mvuke hauui kirusi kilichomo mwilini, lakini maji yakimwagika yanaunguza ngozi vibaya. Mtoto wa chini ya miaka 2 usimvalishe barakoa.

Na kliniki zisirukwe. Chanjo za UVIKO zilizozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021 ziliwalenga wenye miaka 18 na zaidi. Ila chanjo za kawaida za watoto, zikiwemo za nimonia na surua, zinawakinga na magonjwa mengine ya kifua. Angalia kadi ya mdogo wako leo.

JIPIME

1. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Je, ni kawaida?
2. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini homa ipo. Utauliza nini?
3. Kaka anataka kumfukiza mdogo wenu wa miaka 3. Utamwambiaje?
4. Mtoto wa miaka 9 ana homa ya siku nne, macho mekundu na tumbo linauma. Utamkumbusha daktari jambo gani?

MAJIBU: (1) Hapana, ni haraka mno, apelekwe leo. (2) "Homa hii inatoka wapi?" (3) Mvuke hauui kirusi na maji ya moto yataunguza mtoto. (4) Kama nyumbani kulikuwa na kikohozi au mafua wiki mbili hadi sita zilizopita.

Ukipata yote manne, mfundishe na jirani yako kuhesabu pumzi.