Motere gani inasukuma hewa vizuri bila kula umeme mwingi?

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tujifunze juu ya vantilatere, mashini inayosukuma hewa. Mugodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza 1924, ukasimama 1993, ukatoa tena zinki mwaka 2024. Huko watu wanafanya kazi zaidi ya mita 1000 chini ya udongo. Vantilatere ndizo zinawapelekea hewa na kuondoa vumbi, joto na moshi wa baruti. Zinazunguka muchana na usiku, basi zinakula umeme mwingi. Na umeme wetu ni wa bei: sehemu yake inatoka Inga, mbali karibu kilomita 1700.

Tulinganishe motere

1. Motere ya hewa ya kompresere. Haihitaji waya wa umeme mahali pa kazi. Lakini kompresere inapoteza nguvu nyingi kwa joto, na kelele yake inaharibu masikio.

2. Motere ya umeme ya mwendo mumoja. Ni ngumu, haichoki upesi. Lakini inajua mambo mawili tu: kuzunguka ao kusimama. Tazama kibao chake cha chuma: IE1, IE2, IE3, IE4. Namba ikiwa kubwa, umeme unaopotea ni kidogo.

3. Motere ya umeme yenye kifaa cha kubadilisha mwendo. Hapa faida ni kubwa. Vantilatere ya kilowati 100 ikipunguzwa mwendo mpaka 80 kwa 100, hewa inabaki karibu 80 kwa 100, lakini umeme unashuka mpaka karibu kilowati 51. Hesabu yake: 0,8 × 0,8 × 0,8.

4. Motere ya sumaku ya kudumu, inayoongozwa na elektroniki. Inafaa sana kwa vantilatere ndogo za ofisi na nyumba, na kwa mashini za baridi.

Kupunguza umeme kusipunguze uzima

Mwendo unapunguzwa na wale wanaopima hewa, si na mutu mwingine. Kisha baruti kulipuka, hewa iende kwa nguvu, na hakuna mutu kuingia mbele ya ruhusa.

Moshi wa baruti una sumu mbili. Ya kwanza ni monoksidi ya kaboni: haina rangi wala harufu, inaleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kisha kifo. Ya pili ni moshi mwekundu-kahawia wa nitrojeni. Huu ni mudanganyifu. Mutu anakohoa kidogo, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Usiku ao kesho yake mapafu yanajaa maji, anakosa pumzi. Kwa hiyo, ukivuta moshi huo, enda kwa munganga siku ile ile, hata ukijisikia muzima. Mama, ukiona mume wako anapumua kwa shida kisha kazi, usingoje asubuhi: mumupeleke hospitali, na museme alivuta moshi wa baruti.

Nyumbani

Miezi ya baridi, Juni na Julai, usiingize mbabula ya makala ndani ya chumba cha kulala. Inatoa sumu ile ile isiyo na harufu. Vantilatere ya mezani haiiondoi, inaizungusha tu. Mbabula ibaki inje.

Kumbuka

– Bomba la hewa likipasuka, motere nzuri haina faida. Ambia kapita mara moja.
– Mbele ya kusafisha vantilatere, umeme ukatwe na kufuli iwekwe. Motere ya namba 3 inaweza kusimama na kuanza tena yenyewe.
– Sanduku lake linabaki na umeme hata kisha kukatwa. Fundi wa umeme peke yake alifungue.
– Vantilatere ikisimama, toka mahali pale kwanza. Maulizo yatafuata.