Binti wa Kaole na simu ya binti yako

*Shangazi, naishi Kabambare. Nilikulia kambini Lugufu, Kigoma. Huko tulikuwa tunatoa sarafu kwenye kibanda cha video tuangalie Kaole, na Lulu nilimwita mdogo wangu ingawa hakunijua. Kanumba alipokufa nililia wiki nzima, nikamlaani Lulu. Alipofungwa nilishangilia sokoni. Sasa binti yangu wa miaka 16 anaangalia filamu zile zile kwenye simu, na simu yenyewe kapewa na mtu mzima wa machimboni. Tangu nijue hilo, Lulu ananijia usingizini. Mume wangu anasema nimelogwa na televisheni. Nimwandikie Lulu kwenye Instagram nimwombe msamaha?*
*Mama wa Kabambare*

Mama wa Kabambare,

Mwambie baba watoto kwamba Shangazi amekataa: hujalogwa. Mwanamuziki Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, Kongo nzima iliomboleza, na wengi wa waliolia hawakuwahi kumwona hata kwa mbali. Baba watoto mwenyewe siku hiyo alikuwa na macho makavu? Muulize.

Na Lugufu naielewa. Wenzako wa Fizi na Kabambare waliovuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita walikaa kule miaka, hadi kambi ilipofungwa 2009. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mtoto aliyezuiwa hivyo akilipa sarafu yake, akaona sebule za Dar es Salaam, makochi, mama mkwe mkali, na katikati yao katoto ka kike kasikoogopa kamera wala watu wazima, atakapenda maisha yake yote. Kundi la maigizo la Kaole lilirusha michezo yake ITV. Elizabeth Michael, ndiye huyo Lulu, aliingia humo akiwa mdogo kabisa. Steven Kanumba alijiunga 2002, kisha akawa nyota ambaye hata Kasongo, mbali na studio yoyote, vijana walinyoa kama yeye.

Sasa tuseme yaliyothibitishwa, maana sokoni yamepita mengi. Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Lulu, aliyekuwa naye usiku huo, alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji. Mwanzoni mwa 2013 shtaka lilikuwa limebadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa shtaka hilo na kumpa miaka 2. Mei 2018 alitolewa gerezani amalizie adhabu kwa kazi za kijamii. Leo ni mke wa mtu na mama. Mahakama imemaliza naye zamani. Wewe bado unamfunga.

Lakini kuna jambo moja la kesi ile ambalo watu wamelisahau: mwaka 2012 mawakili walibishana mahakamani juu ya umri wake. Ametimiza 18 au hajatimiza? Kuna waliodhani ni ujanja wa wakili. Mimi nadhani lilikuwa swali ambalo sisi watazamaji tulipaswa kujiuliza miaka mingi kabla. Tulimwona akiota meno ya ukubwa mbele ya kamera, tukahesabu filamu zake, miaka yake hatukuihesabu. Msiba ulipofika, msichana wa umri ule alibebeshwa laana ya nchi tatu nne. Na yako ilikuwamo. Sasa una msichana wa umri huohuo ndani ya nyumba yako, na mtu mzima amemzawadia simu. Ndiyo maana Lulu anakujia usiku. Ningeshangaa asipokuja.

Kwa hiyo Instagram, hapana. Hana habari na soko la Kabambare, na hakusikia ulivyoshangilia.

Barua yako nimeifupisha. Kurasa karibu zote ni za Lulu. Simu ina mistari miwili. Ndoto umemsimulia mume wako, lakini habari ya simu hukuandika kama umemwambia. Mwambie leo, kabla hajaisikia kwa jirani.

Simu usiivunje, na binti usimpige. Kaa naye muangalie filamu moja hadi mwisho, kisha muulize anaona nini kwa Lulu. Msikilize kwanza. Halafu msimulie Lugufu, pamoja na ulivyopiga kelele sokoni 2017. Mtoto aliyesikia aibu ya mama yake huwa na nafasi ya kusema ya kwake. Kama kuna zaidi ya simu, na limetokea siku hizi, mpeleke hospitali haraka: dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72.

Simu irudishwe na mjomba wake aliyeko Kasongo, mbele ya mashahidi wawili, si na binti. Wapo wazee watakaosema huyo bwana alete mbuzi na pesa ya dhahabu, mambo yaishe, hata amuoe. Kataa, na usione haya kukataa mbele za watu. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na sheria ya familia hairuhusu ndoa kabla ya umri huo, hata wazazi wakikubali.

Barabara ya Kasongo msimu huu ni matope tupu, najua. Mtumie mjomba nauli ya pikipiki hata hivyo. Na mpaka afike, binti asitumwe Salamabila, huko machimboni, peke yake kwa sababu yoyote, hata kumsalimia nyanya yake.

Shangazi