Shangazi Anajibu: Jino limeanguka ghorofani, ukili umekuwa mkia wa tiara



Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kiume yuko darasa la kwanza, wa kike ana miaka 2. Tunakaa ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, pamoja na mama mkwe. Kwetu ni Mafia. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa tisa na nimemwahidi mkeka wa ukindu wa mkono wangu, kama mama alivyonisukia mimi. Mama hunitumia ukindu kutoka Kilindoni, unavuka kwa boti hadi Nyamisati, basi linauleta Mbagala, naufuata. Mchana niko dukani, jioni ni mapishi na madaftari ya mtoto, kwa hiyo nasuka usiku watu wakishalala.

Juzi juzi mwanangu aling'oka jino. Bibi yake akasema litupwe juu ya paa asubuhi jua likichomoza. Mtoto akakataa, kwa kuwa shuleni kwao, shule ya Kiingereza, wenzake wanaweka jino chini ya mto na asubuhi wanakuta pesa. Nikamkubalia. Usiku nikasuka mpaka usingizi ukanichukua na ukili wa mkeka mkononi, pesa sikuweka. Asubuhi kwa haraka nikakung'uta shuka barazani, jino likaenda chini. Mtoto akaangua kilio. Nikampa sarafu ya 500 nikamwambia mletaji wa pesa alikwama kwenye foleni. Akaenda kumhadithia bibi yake neno kwa neno.

Jumamosi yake mtoto akachukua mkasi, akakata ukili wangu kama pima mbili, akaufanya mkia wa tiara. Tiara ikanasa kwenye nyaya za umeme. Nikamchapa pale pale mbele ya wenzake. Sasa akiniona nimeshika ukindu anatoka chumbani.

Mume wangu anasema mikeka ya plastiki imejaa Kariakoo, ninunue mmoja yaishe. Mama mkwe ananijibu kwa mkato, anasema jino likipotea jipya huota kombo. Ukili nimeuviringisha nikausukuma chini ya kitanda. Niache? Na mama mkwe nimwombe radhi mwenyewe, au nimwachie mume wangu?

Mama Wawili, Dar es Salaam

*



Barua yako nimeisoma nikiguna na nikicheka, na pale pa foleni nimeparudia. Hata huyo wa meno akifika Mbagala anashikwa na foleni! Mtoto atalikumbuka hilo ukubwani, na nakuhakikishia hatalikumbuka kwa uchungu.

Nianze na jino kwa kuwa ndilo jepesi. Mtoto ana meno ya utoto 20. Huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi, kwa kawaida yale mawili ya mbele chini, na shughuli huendelea mpaka miaka 12. Kwa hiyo hata kama hilo ndilo la kwanza, amebakiwa na 19, na binti yako hajaanza hata moja. Nafasi za kutupa jino juu ya paa unazo mpaka uchoke.

Na hofu ya kuota kombo iondoe moyoni. Jino jipya limekaa ndani ya taya siku nyingi, na ndilo linalomumunya mzizi wa lile la utoto mpaka lilegee. Meno yakiota kombo, mara nyingi taya ni dogo halina nafasi, au jino la utoto liliwahi kung'olewa kwa kuoza kabla ya wakati wake, au mtoto amenyonya kidole miaka na miaka. Lilikoangukia halina neno. Ila usiende kumsomea mama mkwe somo hili. Hata wewe ukisomewa hutalipenda, na yeye hakuwa akizungumzia taya.

Alichokuwa akizungumzia ni kwamba kuna jambo moja katika malezi ya mjukuu wake analolijua yeye kuliko wewe, kuliko mwalimu na kuliko televisheni, na siku lilipofika likapewa mtu wa kuweka pesa chini ya mto. Mgeni huyo hata kwao Marekani hajatimiza miaka 150. Hispania na Ufaransa jino hupewa panya. Wajapani hutupa la chini juu ya paa na la juu chini ya sakafu, ili jipya liote likielekea lilikotupwa mwenzake. Bibi wa ghorofa ya tatu ana wenzake wengi duniani, mwambie mwanao hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza hupenda sana kujua kwamba Wajapani nao wanatupa.

Swali la wapi pa kupata paa ghorofani halikunisumbua. Chini ya maghorofa ya mji huu hakukosi banda la chipsi au duka lililoezekwa bati. Umesema jino lilienda chini, umechungulia lilipotua? Safari ijayo mpe mama mkwe jino na mtoto, wasimame barazani asubuhi, wapige shabaha kwenye bati la jirani. Wewe kazi yako iwe kuchemsha chai. Mambo ya meno mkabidhi yeye moja kwa moja, ujitoe. Umeona lilivyokutoa jasho moja tu.

Sarafu mwachie mtoto, ila foleni umwambie ilikuwa mzaha wako. Akiuliza nani anawawekea wenzake pesa, mrudishie swali: wewe unadhani nani? Huenda jibu analo tangu zamani.

Sasa tiara. Hapa nakukunjia uso kidogo. Umeandika habari ya ukili kwa kirefu, habari ya nyaya za umeme umeipitia kama nukta. Mwanangu, ukili unasukika tena. Mtoto anayepanda ukuta na fito kuopoa tiara kwenye waya humpati tena. Ulimchapa kwa pima mbili za ukindu, na lile la kuogofya kweli sioni ulipomweleza. Mweleze leo: tiara ikinasa kwenye waya imekufa, haifuatwi, haivutwi, haichokolewi na fito wala kurushiwa jiwe. Halafu mtafutie uwanja usio na nyaya, hata kama ni wa mbali na ni mara moja kwa mwezi.

Kwa kuchapwa mbele ya wenzake, mwombe radhi. Najua wapo watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Siafikiani nao, na safu ni yangu. Sema maneno machache: nilikasirika, sikupaswa kukupiga, ukili ulikuwa kazi yangu nami niliuonea uchungu. Usiongeze "lakini" mwishoni.

Na kabla hujalala, fikiria alivyochagua. Tiara bila mkia huzunguka na kuanguka kichwa chini. Mkia unatakiwa mrefu, mwepesi, wa upana uleule, usiokatika kwa upepo. Chumba kizima hakikuwa na kitu kinachofaa kuliko ukili wako. Mkasi alikosea kuushika bila ruhusa, lakini jicho lake la fundi usilipuuze.

Niache, umeuliza. Usiache. Acha kusuka usiku.

Umeuchukua ukindu, kazi ambayo bibi zetu wameifanya kibarazani na watoto wanatambaa miguuni, ukaufanya kazi ya kujificha, taa hafifu, nyumba imelala. Ndiyo maana mkeka umekuwa adui wa watoto na watoto wamekuwa adui wa mkeka. Kabla ya siku ya tiara mwanao hakuwa amekuona ukisuka. Aliuona ukili umeviringwa umetulia, na mama yake akashika moto ulipoguswa.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Kuna hatua zinazovumilia mtoto na hatua zisizomvumilia. Kuchemsha rangi hakumvumilii, hasa katika jiko la ghorofani lenye upana wa meza. Hilo mwachie mama yako Kilindoni, akutumie ukindu uliokwisha kutiwa rangi na kukauka. Kushona nako hakumvumilii, kwa sababu ya sindano na kwa sababu ukiufunua mkeka sakafuni mtoto wa miaka 2 atakaa katikati. Lakini kusuka ukili kunavumilia kila kitu. Ukili ni mwembamba, unaingia mfukoni mwa dera. Unasuka umekaa, umesimama, unaongea, unachungulia wali. Mtu akilia unaweka, ukirudi vidole vinajua vilipoishia. Nisingesema hivi kama ungekuwa unafuma vitambaa kwa kroshia, ambako mtoto akivuta uzi mmoja jioni nzima imefumuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua chane chache tu za ukindu, za kutosha siku moja, uziviringe katika kipande cha khanga kilicholowa kidogo ili zisikauke zikakatika. Zikae jikoni, si chumbani. Ukiinuka, bana kichwa cha ukili kwa kibanio cha nguo, kile cha kuanikia, chane zisifumuke. Robo saa ukisubiri maharage, kidogo mtoto anaposoma daftari kwa sauti. Dukani pia, kama mwenye duka hana neno na wateja wametulia. Hapo hutapungukiwa na watu wa kukuuliza unauza. Usiku lala. Mkasi na sindano viweke juu ya kabati.

Mwanao mpe chane tatu zake. Asuke tatu kama nywele, utoke ukili uliopinda kama nyoka, na huo ndio uwe mkia wa tiara ijayo. Ukipata kuti bichi, mfanyie saa ya mkononi na miwani, kama mlivyofanyiana Mafia, na kititia cha kukimbia nacho. Na akitokea mtu kunong'ona kwamba mwanamume hasuki ukili, mwulize madema ya wavuvi yanasukwa na nani.

Sasa hesabu ya mwezi wa tisa. Mkeka wa kitanda kwa mikono yako miwili, ukiwa na duka, jiko na watoto, sioni ukifika. Hapo mume wako ameona sawasawa, ila dawa aliyokuandikia ndiyo mbaya. Mkeka wa plastiki mdogo wako atajinunulia mwenyewe siku yoyote. Njia ziko mbili na zote nazipenda. Ya kwanza, punguza: msala ni mkeka pia, tena huo atauswalia kila siku, ilhali mikeka mingi ya arusi huishia kuviringwa nyuma ya mlango. Ya pili, gawa. Mkono mmoja haulei mwana, na sijui nani alikwambia unasuka mkeka wa arusi. Kata kipande cha ukili wako, urefu wa shibiri, uwatumie mama na shangazi zako wa Mafia kwa boti hiyohiyo inayoleta ukindu. Kila mmoja asuke pima anazoweza kwa upana huo na idadi hiyohiyo ya chane. Sisitiza idadi. Ukili ukizidi chane moja mkeka unavuta upande, na ukishashonwa haunyooki hata ukiulalia na ukoo mzima. Mkono wa kila mtu una kaza yake, kwa hiyo utaona mahali umebana na mahali umelegea. Mdogo wako atajua pale ni mama na pale ni wewe. Kushona mwachie mama. Asishone zaidi ya saa mbili tatu za mchana kwa siku, na wewe usimpigie simu kumhimiza.

Zile pima mbili zilizokwenda na tiara usizilipie usiku. Zihesabu kama mchango wa mpwa kwa arusi ya mama yake mdogo.

Ukili ulioko chini ya kitanda utoe leo. Ukindu uliosukwa ukiwa na unyevu kisha ukaviringwa pasipo hewa huota ukungu, na joto la Dar es Salaam unalijua. Ufungue, uupitishe kitambaa kikavu, uanike kivulini. Usiuanike juani, rangi zitapauka kabla hata arusi haijafika.

Mama mkwe usimtumie mume. Mwanamume aliyekwambia ununue mkeka wa plastiki atakwenda kusema kwa mama yake kwamba mkewe amekosa, naomba msameheane, na mtabaki pale pale. Nenda mwenyewe, alasiri akishaswali, mtoto wa kike mgongoni au pajani, ukindu mkononi. Kaa chini. Mwambie jino lile lilikuwa haki yake na ulilichukua, hukukusudia. Asipokujibu, usibembeleze, anza kusuka. Kama alikulia Pwani, hazitapita chane nyingi kabla hajakwambia unashika vibaya. Hapo mpe ashike yeye.